Hii Bado Iko Sawa? Maswali Tunayoulizwa Kila Wiki Kuhusu Muda wa Vipodozi

Nina duka dogo la vipodozi na kiti kimoja cha kupambia maharusi, hatua chache kutoka soko la Kibuye, Kisumu. Haipiti wiki bila mtu kufungua begi lake mbele yangu, kutoa kichupa na kuniuliza, "Dada, hii bado iko sawa?" Maswali yamekuwa yale yale, basi nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa.

Tarehe iliyopigwa chini ya kopo ndiyo ninayofuata, ama kuna nyingine?

Ziko mbili. Ile EXP ni ya kitu ambacho hakijafunguliwa. Ukishakifungua, saa nyingine inaanza kuhesabu. Geuza kopo utafute kijimchoro cha mkebe uliofunguka kifuniko, wenye namba na herufi M: 6M, 12M, 24M. M ni miezi tangu siku uliyofungua. Ulaya, kipodozi kinachoweza kukaa zaidi ya miezi 30 bila kuharibika si lazima kiandikwe tarehe ya mwisho; huo mchoro unatosha. Marekani nako sheria hailazimishi tarehe kwenye vipodozi vya kawaida, ndiyo maana ile foundesheni ambayo shangazi hukutumia kutoka kule hufika haina tarehe hata moja. Kuharibika itaharibika tu, ila haitakuaga.

Shida ni kwamba hakuna anayekumbuka siku aliyofungua. Mimi hubandika kipande cha selotepu ya karatasi chini ya kopo na kuandika "14 Feb" kwa kalamu ya wino usiofutika. Usiandike juu ya kifuniko. Vifuniko hubadilishana, hasa nyumba yenye mabinti watatu.

Na uangalie namna ya kusoma. 03/05/26 kwetu ni tarehe tatu Mei, lakini Mmarekani ameandika tano Machi. Vitu vya Korea huanza na mwaka, na mara nyingine tarehe yenyewe ni ya kutengenezwa. Nimeona mtu akitupa krimu mpya kabisa akidhani imekwisha muda mwaka uliopita.

Nitajie basi miezi, kitu kwa kitu.

Maskara ni miezi mitatu. Wanja wa maji na wa jeli, mitatu hadi sita. Foundesheni ya maji na konsila, sita hadi kumi na miwili. Poda, blasha na rangi za macho za unga zinaweza kufika miaka miwili, kwa sababu hazina maji. Lipstiki ya kijiti mwaka mmoja hadi miwili, ila ile ya maji yenye kibrashi usiipe zaidi ya mwaka. Wanja wa penseli una bahati: ukiuchonga unapata ncha mpya, kwa hiyo mwaka hadi miwili. Rangi ya kucha kama miaka miwili. Pafyumu miaka mitatu hadi mitano, ukiiondoa dirishani.

Haya ni makadirio. Kama kopo linasema miezi sita na mimi nimesema kumi na miwili, sikiliza kopo.

Mbona maskara miezi mitatu tu, na yangu bado imejaa?

Hili ndilo swali linaloleta ubishi mkali zaidi dukani, na ndilo nisilolegeza. Fikiria kile kichupa: kina giza, kina unyevu, na kila asubuhi unaingiza brashi iliyotoka kugusa ukope. Ukiipampu juu chini kupata rangi nyingi, unaingizia hewa na vijidudu, na rangi inakauka haraka zaidi. Izungushe polepole ndani, kisha uitoe. Bakteria kama Staphylococcus huishi ngozini kwetu bila makosa, lakini wakizaliana humo ndani halafu brashi ikakukwaruza jicho, mambo hubadilika. Wabaya zaidi ni Pseudomonas, wanaopenda majimaji na wanaoweza kutoboa kidonda kwenye konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho.

Najua ninachosema. Desemba moja nilikuwa na harusi Ahero, na maskara yangu mwenyewe ilikuwa na miezi tisa. Ilikuwa imekauka, nikaidondoshea maji ya bomba matone mawili, nikaikoroga, ikawa laini kama mpya. Siku ya tatu niliamka na chokea kwenye ukope wa chini, jicho limefura kama andazi. Nilimpamba bibi harusi kwa jicho moja, nimeinamisha kichwa kama kuku anayetafuta punje. Alipendeza, namshukuru Mungu. Mimi kwenye picha nimevaa miwani ya jua, na sherehe ilikuwa ndani ya ukumbi.

Kwa hiyo: usiongeze maji, usiongeze mate (wapo wanaofanya), usiongeze dawa ya macho. Na ukipata chokea au jicho jekundu linalotoa usaha, tupa kila kilichogusa jicho hilo, hata kama ulikinunua juzi. Jicho likiuma mwangani au ukiona ukungu, nenda ukaonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Joto la Kisumu linapunguza muda?

Linapunguza. Muda wa kwenye lebo umepimwa kwa kitu kilichotunzwa mahali pasipo joto kali. Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na mchana hupiga nyuzi 29 au 30 kirahisi. Ndani ya nyumba ya mabati isiyo na dari, saa nane, ni zaidi ya hapo. Dada yangu yuko Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, na vitu vyake hukaa kuliko vyangu tukinunua siku moja.

Jambo moja huwachanganya wanaosafiri kati ya miji hii. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Hapa Kisumu ni maji mchana kutwa. Ukifika nayo Nakuru, asubuhi unakuta yameganda meupe kama samli, unadhani yameharibika. Hayajaharibika. Yatie mkononi yatayeyuka.

Lipstiki iliyotoka jasho, yenye vitone vidogo vya mafuta juu, mara nyingi ni joto tu; iweke pahali baridi vitone vitarudi ndani. Foundesheni iliyotengana mafuta juu na rangi chini, itikise. Ikikataa kuchanganyika, au ikichanganyika kisha ikatengana tena ukiwa unaiangalia, hiyo imekwisha.

Pa kuweka? Sanduku chini ya kitanda. Si juu ya kabati, kwa sababu joto la mabati linaanzia juu. Si bafuni kwenye mvuke. Wala si kwenye dashibodi ya gari. Friji nayo inasaidia serumu ya vitamini C, ambayo hewa, mwanga na joto huiharibu. Ikianza rangi ya maji na kufikia rangi ya chai ya strungi, nguvu imekwenda. Vingine havihitaji friji. Na kama friji ndiyo ile ile ya omena, fikiria mara mbili.

Losheni ya kupima sokoni je? Haina tarehe.

Hapa lazima nieleze kitu kimoja ambacho ukikijua, nusu ya maswali yako umejijibu mwenyewe. Kinachooza ni maji. Vesilini haina maji ndani yake, ni mafuta matupu ya petroli, kwa hiyo ikipimwa kwa kijiko safi na kutiwa kwenye kopo kavu, itakaa. Losheni na krimu zina maji mengi, na kinachozuia zisiote ukungu ni dawa ya kuhifadhi iliyotiwa kiwandani. Dawa hiyo imepimwa kwa losheni ile, ndani ya chupa ile. Ikimiminwa kwenye ndoo, ikakaa wazi na vumbi la Kibuye siku ya Jumapili, kisha ikatiwa kwenye chupa iliyosuuzwa na bado ina matone ya maji, huwezi tena kujua ina nini.

Sikuambii usinunue. Najua hesabu ya mfuko, na si kila wiki mtu ana pesa ya chupa nzima. Nakuambia ununue kidogo, cha wiki mbili, uende na chupa yako mwenyewe iliyokauka kabisa, na uone muuzaji anamimina kutoka kwenye chombo gani. Kama anayo katoni ya asili pale nyuma, muombe akuonyeshe tarehe. Mwenye mali safi hanuni.

Shampuu ikibaki kidogo huwa natia maji nitikise. Kuna ubaya?

Ukiitumia yote siku hiyo, hakuna. Ukiiacha ikae wiki mbili bafuni, umeizimua ile dawa ya kuhifadhi na kuwakaribisha wageni. Sabuni ya maji ya mkono ni vivyo hivyo, na kwenye saluni huko ndiko naona maji yakizidi sabuni.

Jeli ya alovera ya uani na ile ya mbegu za kitani niliyopika mwenyewe, nitunze hadi lini?

Zichukue kama uji. Uji ungeuacha mezani hadi Alhamisi? Jeli ya mshubiri iliyokwanguliwa kutoka kwenye jani, ndani ya friji, wiki moja. Ya mbegu za kitani, wiki moja, ukijaliwa mbili, pia ndani ya friji. Bila friji, pika ya siku hiyo tu. Ikibadilika harufu, ikawa nyembamba kama maji au ikaota vidoa, mwaga. Vitamini E ambayo watu hutia kudhani inahifadhi husaidia mafuta yasichachuke; bakteria haiwajali. Njia nzuri ni kugandisha kwenye trei ya barafu na kutoa kipande kimoja kila unapoosha nywele.

Siagi ya shea niliyoletewa kutoka Uganda inanuka. Imeharibika?

Inategemea inanuka nini. Shea isiyosafishwa ina harufu yake ya moshi na njugu, na ile ya kaskazini mwa Uganda, inayotufikia kupitia Busia, ni laini kuliko ya Afrika Magharibi. Kuyeyuka kwake kidogo hapa Kisumu ni kawaida. Sasa chukua kidogo usugue kiganjani kisha unuse. Ukisikia harufu ya mafuta ya kukaangia chipsi yaliyorudiwa mara tano, au rangi za zamani, imechachuka. Haitakuua, lakini ngozi inaweza kuwasha. Nyingine huwa na chembechembe kama mchanga: hiyo si dalili ya kuharibika, imeyeyuka na kuganda polepole tu.

Sanskrini ya mwaka juzi naweza kumalizia?

Hapana. Kwa hii mimi ni mkali kama nilivyo kwa maskara, lakini kwa sababu tofauti. Maskara mbovu itakuambia kwa kuwasha. Sanskrini iliyokwisha nguvu inapakika vizuri, inanukia vizuri, na haikukingi na jua. Marekani huihesabu kama dawa na kutaka ibaki na nguvu yake kwa angalau miaka mitatu tangu itengenezwe, lakini hiyo ni ikiwa imetunzwa mbali na joto. Iliyoshinda kwenye gari au kwenye mkoba juani Dunga haina uhakika huo. Ikiwa imetengana, ina punje au inatoka majimaji, iache.

Na ukweli ni kwamba chupa ya mililita 50, ukipaka uso na shingo kila siku inavyotakiwa, haimalizi miezi miwili. Kama yako ina mwaka na bado nusu, unapaka kidogo mno, na sisi hapa tunaishi karibu na alama ya ikweta pale Maseno.

Kwa mzazi wa mtoto mwenye ualbino: tarehe ya sanskrini isomwe kama ya dawa ya hospitali. Kuna mpango wa serikali wa kuwapa sanskrini bila malipo, chini ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ulizia kwenye hospitali kubwa ya umma iliyo karibu nawe.

Mswaki, wembe, dodoki?

Mswaki miezi mitatu au minne, mapema zaidi nyuzi zikitawanyika. Wembe wa kutupa, mara tano hadi saba za kunyoa, na usiutumie watu wawili hata kama ni mtu na mumewe; damu kidogo tu hupitisha homa ya ini aina ya B. Dodoki la asili wiki tatu au nne, lile la neti hadi miezi miwili, na yote yaanikwe nje yakauke, yasiachwe ndani ya beseni.

Brashi na sponji za kupakia huisha muda?

Brashi nzuri hukaa miaka ukiiosha kila wiki, siku kumi zikizidi, kwa shampuu ya mtoto, na kuilaza ikauke. Usiisimamishe ikiwa mbichi. Maji yanashuka kwenye shina na gundi inaachia. Sponji ni hadithi nyingine. Iloweshe, uikamue, kisha uikate katikati kwa kisu. Niliwahi kufanya hivyo mbele ya mteja aliyeapa anaiosha kila siku. Ndani kulikuwa na madoa meusi ya ukungu kama mbegu za papai. Alinyamaza, akanunua mbili. Ibadilishe kila mwezi, ikizidi sana mitatu.

Poda yangu imeota utando mgumu unaong'aa, haishiki brashi. Imekwisha?

Bado. Ni mafuta ya uso wako yaliyobebwa na sponji. Bandika selotepu juu, ibandue, rudia mpaka uone poda yenyewe.

Dawa ya nywele iliyobaki naweza kuiweka hadi mwezi ujao?

Kama ni ile ya kuchanganya krimu na maji ya kuamshia, hapana. Ikishachanganywa itumike siku hiyo, kinachobaki kitupwe. Krimu inayokuja tayari, ifunge vizuri ufuate lebo. Lakini ikiwa imetengana au imebadilika rangi, usiijaribu kichwani mwa mtu.

Tulitumia lipstiki moja watu wanne kwenye harusi. Niitupe?

Kama mmoja wao alikuwa na malengelenge mdomoni, itupe leo. Kama hakuna, futa juu kwa tishu, kata milimita chache kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti. Lipstiki ya maji yenye kibrashi haina dawa. Mpambaji yeyote anayejiheshimu hukwangua lipstiki kwenye kibao na kupaka kwa brashi safi, na maskara hupaka kwa vibrashi vya kutupa. Ukimwona anatoa maskara moja kwa bibi harusi, wasimamizi na mama mkwe, toa ya kwako.

Krimu ya kung'arisha ngozi nayo hukaa muda gani?

Kama ina zebaki au haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi), muda wake uliisha kabla hujailipia. Zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Kenya.

Nimeuziwa kitu kilichopitwa na wakati. Nifanye nini?

Kwanza, jifunze kukagua kabla ya kulipa. Mimi mwenyewe, nikiwa mpya kwenye biashara, nilinunua dazeni ya foundesheni kwa bei ya kutupa kutoka duka moja la jumla. Nyumbani nikaona stika ya tarehe imebandikwa juu ya nyingine. Niliikwangua kwa kucha: tarehe ya chini ilikuwa imepita miezi kumi na minne. Niliporudi waliniambia mali ikitoka hairudi. Risiti nilikuwa sijaomba. Nilizitupa zote kumi na mbili, na siku hiyo sikula chakula cha mchana.

Sasa napapasa kila tarehe kwa kidole. Stika juu ya stika, tarehe iliyokwaruzwa, au katoni na chupa zinazopingana, narudisha. Tafuta alama ya KEBS, yaani Shirika la Viwango la Kenya, kisha utume ujumbe wa SM# na namba ya kibali kwenda 20023 uone kama jina la bidhaa linalingana. Ukiwa na risiti na kopo lenyewe, KEBS wana ofisi hapa Kisumu, wapelekee.

Nikitupa, nitupe vipi?

Haribu lebo kwanza. Chupa tupu ya jina kubwa ina wanunuzi, na hujui itajazwa nini. Ikwaruze au uchane. Rangi ya kucha na kiondoa rangi usimwage kwenye sinki wala mtaroni, kwa sababu mitaro yetu inaelekea ziwani. Funga kifuniko, tia kwenye mfuko pamoja na taka za nyumbani, mbali na watoto.

Naweza kuleta begi langu uniangalizie?

Karibu, Jumanne hadi Alhamisi asubuhi, bila malipo. Ijumaa na Jumamosi ni za maharusi, na Jumapili soko linafurika, hatutasikizana. Njoo na begi lote lilivyo, usilipangue wala kulifuta nyumbani. Nikiona makombo ya penseli, vumbi la poda na ile lipstiki isiyo na kifuniko pale chini, najua pa kuanzia.